Pima Nyota kwa Mwanga Mwekundu Ukiwa Babati

Nyota nyingi zinazopita juu ya Babati hazina mwangaza wa kudumu. Ziko zinazovimba na kunywea kila baada ya siku saba, ziko zinazochukua karibu mwaka mzima kung'aa na kufifia, na viko viini vya galaksi za mbali ambavyo hubadilika bila ratiba. Kupima mabadiliko hayo hakudai shahada wala jumba la darubini. Kunadai kamera yenye lenzi nzuri, anga safi, saa sahihi na mtu aliye tayari kurudia kazi ileile usiku baada ya usiku. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa klabu ya sayansi, au mpiga picha wa harusi ambaye kamera yake hupumzika Jumatatu hadi Alhamisi.

Kazi hii si ngeni katika eneo letu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya falaki ya eksirei. Iligundua kwamba mwangaza wa chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kama mdundo kila baada ya sekunde 4.8, na katika orodha yake kimo pia 3C 273, kiini cha galaksi ambacho wewe mwenyewe unaweza kukipima kwa mwanga mwekundu. Nchini Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amewaeleza wananchi mambo ya anga kwa miaka mingi, na kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016 kuliwakusanya watu wengi Rujewa, Mbeya. Kutazama tumekwisha kuzoea. Kilichobaki ni kupima.

Kwa nini mwanga mwekundu

Sababu ya kwanza ni hewa. Hewa, vumbi na moshi hutawanya mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, ndiyo maana jua la magharibi huiva. Kiangazi cha Babati kina vumbi la barabarani na moshi wa mashamba yanayochomwa, na mwanga mwekundu hupenya hali hiyo kwa hasara ndogo. Hata mbalamwezi huchafua picha nyekundu kidogo kuliko picha ya bluu.

Sababu ya pili ni nyota zenyewe. Majitu mekundu, kama Mira katika kundi la Nyangumi, hutoa mwanga mwingi zaidi upande huo. Mira ikififia sana huwa haionekani kwa macho, lakini kamera bado huipata kwenye wekundu.

Sababu ya tatu inahusu vitu vya mbali kabisa. Ulimwengu unapanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hurefuka na kusogea kuelekea wekundu. Filta nyekundu ya kawaida hupokea mwanga wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 640. Mwanga huo ukitoka 3C 273, ulianza safari ukiwa na nanomita 553 hivi, yaani kijani. Ukitoka 3C 279, kiini kingine cha galaksi, ulianza ukiwa na nanomita 417, karibu na urujuani. Kwa hiyo ukipima wekundu wa vitu hivyo, unapima rangi nyingine iliyotoka kwao zamani sana: takriban miaka bilioni 2 kwa cha kwanza na bilioni 5 kwa cha pili.

Babati inakupa nini

Mji uko kwenye latitudo ya nyuzi 4.2 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa hapo, karibu anga lote la kaskazini na kusini hupita mbele yako ndani ya mwaka mmoja. Faida kubwa zaidi ni utosini. Mwanga wa kitu kilicho wima juu ya kichwa hupita kwenye hewa kidogo kuliko kitu kilicho kwingine kokote. Kikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, hewa inayopitiwa huwa mara mbili. Mira hupita nyuzi 1.2 kutoka utosi wa Babati, 3C 279 nyuzi 1.6, Eta Aquilae nyuzi 5 na 3C 273 nyuzi 6. Mtazamaji wa Ulaya huviona vitu hivi vimeinama kusini, nyuma ya hewa nene.

Msimu wako mkuu ni Juni hadi Oktoba, kiangazi kikiwa kimetulia. Masika ya Machi hadi Mei yatakunyima usiku mwingi, ila mvua ikikatika na wingu likifunguka, anga lililooshwa huwa safi ajabu. Usiupoteze usiku kama huo. Giza kamili huingia karibu saa mbili usiku. Chagua siku za mwezi mchanga, au usiku ambao mwezi umeshazama.

Kuhusu mahali, Mlima Kwaraa utakuziba upeo wa mashariki, lakini hilo halina madhara kwa vitu vinavyopita utosini. Jiepushe na taa za barabara kuu ya Arusha na Singida. Ufukwe wa Ziwa Babati unavutia kwa uwazi wake, lakini usiende huko usiku: viboko hutoka majini gizani kuja kula majani, na mtu aliyeinamia kamera hawaoni wakija. Uwanja wa shule au ua wa nyumba pembezoni mwa mji unatosha. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa kabla ya siku ya kwanza, maana mtu mwenye stendi na tochi nyekundu saa nne usiku huwatia majirani wasiwasi. Waalike waje waone. Mtazamaji mwenye majirani wanaomwelewa hufanya kazi kwa utulivu.

Vifaa

Kwa kuanzia unahitaji kamera ya lenzi za kubadilisha inayohifadhi faili ghafi, zile ziitwazo RAW, lenzi ya milimita 50, stendi imara, na rimoti au kipima muda cha kamera ili usiitikise kwa kidole. Usitumie JPEG, kwa kuwa kamera huwa imeshabadilisha mwanga ili picha ipendeze, na namba hizo hazifai tena kwa kipimo. Ndani ya kamera, kati ya kila vipokezi vinne, kimoja ni chekundu, viwili kijani na kimoja bluu. Programu za bure kama Siril na AstroImageJ zinaweza kukusaidia kuzitenga rangi hizo na kuzipima. Stellarium, kwenye simu au kompyuta, itakuonyesha kilipo kila kitu.

Zoezi la kwanza: Eta Aquilae

Anza na nyota hii katika kundi la Tai. Edward Pigott aligundua mabadiliko yake mwaka 1784 kwa macho tu. Huvimba na kunywea kwa mzunguko wa siku 7.18, na kwa macho huonekana ikipanda na kushuka kati ya magnitudi 3.5 na 4.4. Kumbuka kwamba magnitudi hupimwa kinyume: namba kubwa ni nyota hafifu, na tofauti ya magnitudi 5 ni mwanga mara 100. Mwanzoni mwa Septemba nyota hii hufika juu kabisa Babati karibu saa tatu na dakika arobaini usiku, kusini mwa Altair inayong'aa sana.

1. Weka kamera kwenye stendi nusu saa kabla ya kupiga, ili ipoe ilingane na hewa.

2. Zima kila kitu kinachojiendesha. Weka ISO 400, tundu la lenzi f/4, sekunde 5 hadi 8. Usibadilishe chochote hadi kazi iishe.

3. Vuruga fokasi kidogo, kwa makusudi. Nyota iliyokaza kwenye vipokezi viwili vitatu hujaza vipokezi hivyo, na mwanga unaozidi hapo hupotea bila kuhesabiwa. Nyota iliyotanda kama kisahani cha vipokezi 10 hupimika vizuri. Kwenye kamera ya biti 14 kipokezi hujaa kwenye 16,383. Hakikisha kilele cha nyota yako hakizidi 10,000.

4. Lenga ili Eta, Beta na Delta Aquilae zote ziwe kwenye picha moja, mbali na kona. Piga picha 20.

5. Funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha nyingine 20 kwa mipangilio ileile. Hizi hurekodi kelele za kamera yenyewe, nawe utazitoa kwenye picha za nyota.

6. Jioni inayofuata, kabla nyota hazijatoka, tandaza fulana nyeupe isiyo na mikunjo juu ya lenzi, ielekeze juu angani na upige picha 20 zenye mwanga wa wastani, bila kugusa fokasi. Hizi huonyesha mahali lenzi inapopunguza mwanga na mahali penye vumbi. Gawa picha za nyota kwa wastani wa hizi.

Kisha ingia kwenye programu, chukua rangi nyekundu pekee, na chora duara la kupimia kuzunguka kila nyota. Liwe pana kiasi cha kumeza kisahani chote cha nyota, lakini lisiiguse nyota ya jirani. Pete ya nje ya duara hilo hupima mwanga wa anga, na programu huutoa.

Siri iko kwenye kulinganisha

Huwezi kujua kwa hakika hewa ya usiku ule imemeza mwanga kiasi gani. Lakini ukiwa na mizani usiyoiamini na jiwe la kilo unayoijua, bado unaweza kupima gunia: unalilinganisha na jiwe. Jiwe lako ni nyota linganishi isiyobadilika iliyo kwenye picha ileile. Wingu jembamba likipita, linazifunika zote mbili kwa pamoja, na uwiano wao unabaki karibu uleule.

Chagua nyota linganishi yenye rangi inayokaribiana na nyota yako. Kwa Eta Aquilae, Beta Aquilae inafaa kwa kuwa rangi yake ya manjano inakaribia ya Eta. Theta na Iota ziko jirani pia, lakini zina ubluu. Hewa huzitendea tofauti, na kosa hilo litaingia kwenye kila kipimo. Tumia Delta kama nyota ya kujikagua: ipime kila usiku kana kwamba huijui. Ikipanda na kushuka, basi kosa liko kwenye kazi yako, na kipimo cha Eta cha usiku huo hakiaminiki.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme duara la Eta limekusanya 48,000 na la nyota linganishi 60,000, na magnitudi ya nyota linganishi kwenye wekundu ni 3.20. Gawa 48,000 kwa 60,000, upate 0.8. Logi ya 0.8 ni −0.0969. Zidisha kwa −2.5, upate 0.24. Jumlisha na 3.20: Eta ina magnitudi 3.44.

Fanya hivyo kwa picha zote 20, utafute wastani, kisha utazame namba zilivyotawanyika. Mtawanyiko ukiwa 0.03, ugawe kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani 4.5, makisio ya kosa la wastani wako ni chini ya 0.01. Andika namba hiyo kando ya kipimo siku zote. Kipimo kisicho na kiwango cha kosa hakimsaidii mtu mwingine, hata kikiwa sahihi.

Ukikusanya wiki tatu za usiku mwingi kadiri iwezekanavyo, chora mchoro wa magnitudi dhidi ya siku. Utaona Eta inapanda haraka na kushuka polepole, na utaona pia kwamba mpando wake kwenye wekundu ni mdogo kuliko kwenye kijani. Ni kwa sababu nyota inapovimba na kunywea hubadilika joto pia, na mabadiliko ya joto hugusa zaidi rangi za bluu na kijani.

Saa ni nusu ya kipimo

Hapa ndipo Mswahili ana mtego wake. Saa tatu usiku ni 21:00 kwa saa ya kamera, na 21:00 ya Afrika Mashariki ni 18:00 ya saa ya dunia, UTC. Ukiruka hatua moja, umekosea kwa saa tatu au sita. Weka kamera kwenye UTC moja kwa moja, uilinganishe na saa ya simu iliyo kwenye mtandao kila usiku kabla ya kuanza, na uandike UTC kwenye daftari.

Wapima nyota hutumia pia hesabu ya siku za Juliani, ambamo siku huhesabiwa mfululizo bila miezi wala miaka. Siku hizo huanza adhuhuri ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Maana yake usiku mzima wa Babati, tangu magharibi hadi alfajiri, una namba moja. Kwa mfano, saa tatu usiku ya tarehe 1 Septemba 2026 ni siku ya Juliani 2461285.25.

Kwenda mbali: 3C 273 na 3C 279

Ukishaumudu mchoro wa Eta, unaweza kuelekea nje ya galaksi yetu. 3C 273 iko katika kundi la Mashuke, ambalo watu wa falaki huliita Sumbula. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba kitu hiki, kinachofanana na nyota ya kawaida, kiko mbali mno. Ndipo kwasa, kama viini vya namna hii viitwavyo, zikaanza kueleweka. Kinachong'aa ni mata inayozunguka na kuanguka kwenye shimo jeusi kubwa mno, pamoja na mkondo wa chembe zinazorushwa karibu na kasi ya mwanga. Magnitudi yake ni karibu 12.9, nayo hubadilika kidogo kidogo kwa miezi na miaka.

Hapa lenzi ya milimita 50 haitoshi. Tafuta darubini yenye kioo cha sentimita 15 hadi 20, kamera ya rangi moja na filta nyekundu ya kipimo cha Cousins, inayoandikwa R. Piga picha za sekunde 30 hadi 60, nyingi, kisha uziunganishe. Safari hii fokasi iwe kali, kwa kuwa kitu ni hafifu.

Jihadhari na jambo ambalo miongozo ya nchi za kaskazini haiwezi kukuambia. Stendi nyingi za darubini zinazofuata nyota hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, na Babati ncha ya kusini iko nyuzi 4 tu juu ya upeo wa macho, wakati ya kaskazini imezama. Stendi nyingi haziinami kiasi hicho. Kabla ya kununua, uliza latitudo ya chini kabisa inayokubalika. Zile zinazozunguka kushoto na kulia, juu na chini, hazina shida hiyo, lakini hupata taabu kitu kinapokuwa utosini kabisa, kwani hulazimika kuzunguka haraka na picha hupinda. Dawa yake ni kupima kitu kikiwa nyuzi 20 au 30 kutoka utosini, kabla hakijafika au baada ya kupita.

Katikati ya Juni, 3C 273 hufika juu karibu saa moja na nusu usiku, na 3C 279 hufuata baada ya nusu saa hivi. Anza kupima giza likikamilika, vyote viwili vikiwa vimeanza kushuka magharibi. 3C 279 ni hafifu zaidi, mara nyingi kati ya magnitudi 14 na 17, ila ina matukio makubwa. Mkondo wake umeelekea upande wetu, na mwezi Juni 2015 darubini ya Fermi iliyo angani iliona miale yake ya gama ikiongezeka maradufu ndani ya dakika zisizofika tano. Milipuko ya namna hiyo inapotokea, wanasayansi hutafuta vipimo vya kila rangi, wekundu ukiwemo. Namibia, kwenye kituo cha H.E.S.S., darubini ya ATOM yenye kioo cha sentimita 75 hufuatilia vitu kama hivi.

Shule isiyo na uwezo wa kununua darubini isikate tamaa. Mtandao wa Las Cumbres una darubini za mita 1 huko Sutherland, Afrika Kusini, zinazoendeshwa kupitia intaneti, na una mpango wa kugawa muda kwa washirika wa elimu. Picha zake ni halisi, na hesabu ya kuzipima ni hiyohiyo uliyoifanya kwa Eta.

Toa vipimo vyako

Jumuiya ya AAVSO ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1911, hupokea vipimo kutoka kwa mtu yeyote duniani. Kwenye tovuti yake unaomba msimbo wako wa mtazamaji na kupakua ramani yenye nyota linganishi pamoja na magnitudi zake. Ukituma, taja filta kwa uaminifu: R kwa filta ya Cousins, TR kwa wekundu wa kamera ya kawaida. Hizi mbili hazifanani, na msomaji wa kipimo chako ana haki ya kujua.

Usiku wenye mawingu, andika kwamba ulikuwa na mawingu. Kipimo kinachokushangaza usikifute: kagua nyota ya kujikagua, kagua saa, kagua kama kipokezi kilijaa, na kama vyote viko sawa, kiache na ukitume. Usiku wa leo hautarudiwa, na hakuna darubini, hata iwe kubwa namna gani, itakayoweza kesho kupima mwangaza wa jana. Kama anga la Babati liko wazi jioni hii, toa kamera yako nje uanze.